Mama hakunji goti la kulia: nimkatie kiti gani cha ndege kwenda Mumbai?

BintiLangoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi ujao nampeleka mama Mumbai kutibiwa goti la kulia. Halikunjiki sawasawa, na ana sukari, anachoma insulini. Kutoka nyumbani hadi gatini, na boti ya kuvukia uwanja wa ndege wa Manda hapa Lamu, nimeshapanga: wanangu wawili watamshika huku na huku. Kinachoninyima usingizi ni zile saa sita kutoka Nairobi. Mwaka jana tulipokwenda Nairobi tu, alipewa kiti cha dirishani ati atazame bahari. Tuliposhuka alikuwa akilia, na mama si mtu wa kulia. Anayetukatia tiketi aniambia nilipie kiti cha mlango wa dharura, kuna nafasi. Nilipe?

Mpwani_Malindi
Waaleikum salaam dadangu. Usilipe. Kiti kile hakai asiyeweza kusaidia kufungua mlango. Wahudumu wakimwona anachechemea watamhamisha, na saa hiyo vizuri vyote vimeshachukuliwa.

Tazama goti bovu ni la upande gani. Mama amekaa, anatazama mbele: njia iwe mkono wake wa kulia, apate kuunyoosha mguu huo. Basi ni kiti cha kando ya njia katika viti vya upande wa kushoto wa ndege, mara nyingi herufi C. Babangu nyonga yake mbovu ilikuwa ya kushoto, nikamkalisha kulekule kushoto kwa kutojua, mguu ukabanwa safari nzima na mwenziwe mzima ndio uko njiani. Hadi leo naumia nikikumbuka. Mkokoteni wa chakula ukipita, wewe kaa macho, auvute mguu ndani.

Safu ya mbele yenye ukuta nayo usiikimbilie. Vishikio vya mikono havinyanyuki, maana meza imo ndani yake, na ndege ikiruka mkoba wote huwekwa juu.

Muuguzi_Pwani
Mkoba huo ndio wenye insulini. Isiende kabisa kwenye mzigo wa chini, yaweza kuganda kwa baridi, na ikiganda imeharibika. Chukueni barua ya daktari, na sindano ziwe na karatasi zake.

Asimame kila baada ya saa moja hivi, au azungushe vifundo vya miguu. Kukaa sana huigandisha damu miguuni. Soksi za kubana muulizeni daktari kwanza, kwa sababu ya sukari. Na nakuomba sana: akipasuliwa, msirudi mpaka daktari awape siku. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji wa goti ndizo damu huganda kwa wepesi.

BintiLangoni
Mwenyezi Mungu awalipe. Nimepata C, safu ya tatu kutoka chooni. Kiti cha magurudumu nimeomba.

Mpwani_Malindi
Umewaambia hawezi ngazi? Kuna anayechoka kutembea tu, kuna asiyepanda ngazi, na kuna wa kufikishwa hadi kitini. Kila mmoja huandikwa mbali. Manda ndege hupandwa kwa ngazi. Piga simu leo, usingoje saa 48 za mwisho. Na ndege ya kutoka Manda iwe ya kushuka JKIA, uwanja wa Nairobi inakotoka ndege ya Mumbai, si Wilson, uwanja wa pili wa huko, usije ukamkokota mama kwenye foleni za barabarani.

BintiLangoni
Waliandika anachoka kutembea. Napiga sasa hivi.