Naomba ushauri: Mazda Roadster kwa kila siku hapa Arusha

Wakuu habari zenu, kuna Mazda Roadster ya 1999 nimeipata, manyuo (gia za mkono), injini 1.8, naitamani mno na bei naimudu. Ni kagari kepesi, kama tani moja hivi, siti mbili tu ila mi naishi peke yangu so hapo sina neno. Shida njia, kila siku natoka Njiro naenda Sakina, lami ipo ila kipande cha kuingia home ni mawe na vumbi, masika tope tupu, na haya matuta yetu mnayajua, kagari kenyewe kako chini sana. Niinue springi kidogo au ntaua utamu wake barabarani? Na lile turubai la juu, maana paa lake ni la kukunja, likichanika nani hapa town anashona lisivuje? Aliyewahi kuimiliki anisaidie jamani, Jumatatu namjibu muuzaji.