Bloom Into You na Sweet Blue Flowers: ipi ina mwendo mzuri zaidi?

Chausiku
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza Bloom Into You ya Nakatani Nio, sasa nimeshika Sweet Blue Flowers ya Shimura Takako. Zote ni manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) za yuri, yaani mapenzi ya wasichana kwa wasichana, zote za wanafunzi wa sekondari, zote juzuu 8 kwa hesabu ya Japani. Ya kwanza niliimaliza kwa siku tatu. Hii ya pili nasinzia. Nivumilie au niiache?

Mla_Kurasa
Vumilia. Bloom inakuvuta kwa sababu fumbo lake linawekwa mezani mapema: msichana Yuu hajawahi kuhisi mapenzi wanayoyaimba watu, mwenzake Touko anampenda kwa sababu hiyohiyo, halafu anamwomba asije akampenda. Sasa Yuu akianza kupenda, atasemaje? Kila sura inakaza kamba hiyo moja. Kwa Shimura hakuna kamba moja. Fumi anaumizwa na binamu yake anayeolewa, anaingia kwenye mapenzi na Sugimoto, dada wa darasa la juu, huku rafiki yake wa utotoni Akira yuko palepale pembeni. Ni kama kukaa kibarazani unasimuliwa habari za mtaa mzima.

msomaji_wa_daladala
Mkuu, nakupinga kidogo. Bloom nayo ina sehemu inajikokota, hasa yale maandalizi ya mchezo wa kuigiza. Nililalamika sana hadi nilipofika juzuu ya 6. Touko amekuwa akijifanya marehemu dada yake miaka yote, sasa yuko jukwaani anaigiza mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu, na mwisho wa mchezo umebadilishwa kwa shinikizo la Yuu. Touko anayasema mbele za watu maneno ambayo angeambiwa ana kwa ana asingeyasikia. Bila ule mwendo wa konokono nyuma yake, onyesho lile lingekuwa hotuba tu. Waliotazama anime (katuni ya video) ya 2018 peke yake hawajui, maana vipindi 13 vinaisha kabla ya mchezo. Walinikera sana hapo.

Binti Pangani
Na Sayaka, rafiki wa Touko, je? Mbona mnamruka? Kwangu ndiye aliyejengwa kuliko wote. Amempenda Touko kimyakimya, akaamini subira itamlipa. Anakuja kutamka hisia zake mjini Kyoto kwenye safari ya shule, na anakataliwa. Mwandishi hamfanyi mbaya wala hamtafutii mtu wa kumfuta machozi hapohapo.
Shimura ana watu kumi wa namna hiyo, ila sura zao zinafanana mno! Nilikuwa narudi nyuma kurasa ishirini kuuliza huyu ni nani tena.

Mla_Kurasa
Hapo kwenye nyuso simtetei Shimura, dada. Ila mtazame Fumi. Anaanza kama mtoto wa kulia kila kona, hadi anafika kumwambia Akira kwamba yeye ndiye aliyekuwa mapenzi yake ya kwanza. Hakuna sura moja unayoweza kuinyooshea kidole useme hapa ndipo alipobadilika. Hadithi ile ilitoka kuanzia 2004 hadi 2013. Bloom ilichukua 2015 hadi 2019, na juzuu ni zilezile nane.

Kipepeo_254
Mimi nimechoka na sare za shule jamani. Someni She Loves to Cook, and She Loves to Eat ya Yuzaki Sakaomi. Watu wazima, majirani. Nomoto anapenda kupika kuliko anavyoweza kula, Kasuga anakula bila kubakiza. Hisia zinakuja sahani kwa sahani, na Nomoto anachukua muda kujielewa mwenyewe. Usisome ukiwa na njaa.

msomaji_wa_daladala
Au How Do We Relationship? ya Tamifull. Wanachuo, wanakuwa wapenzi mapema kabisa, na shida ndiyo kwanza zinaanza.

Chausiku
Asanteni. Kumbe nilikuwa nasubiri kamba isiyokuwepo. Narudi juzuu ya kwanza na kalamu mkononi, niandike nani ni nani. Na Binti Pangani, umemwaga mtama wa Kyoto hadharani bila hata kuonya. Una bahati mimi nilishapita.