Mrejesho: Maji ya Hombolo sasa yanacheza

Wakuu, niliomba msaada wa kufanya maji yatikisike kwenye picha yangu ya Bwawa la Hombolo kwa GIMP, programu ya kuhariri picha. Imekubali!

Nilikata maji peke yake, nikanakili leya hiyo (tabaka la picha) mara 8, kila nakala iwe fremu moja ya mwendo, kila nakala nikaipitisha kwenye kichujio cha mawimbi huku nikisogeza fezi (mahali wimbi linapoanzia) kwa 0.125, kuanzia 0 hadi 0.875. Msifike 1, maana hapo wimbi limerudi lilipoanzia: fremu ya mwisho itafanana na ya kwanza, maji yatakwama kidogo kila mzunguko. Anga na mitumbwi sikuvigusa. Kila fremu milisekunde 100.

Nilihifadhi kama GIF, aina ya faili ya picha inayocheza, nayo ina rangi 256 tu, kwa hiyo anga la jioni limetoka na mabaka. Mteja wangu, muuza perege wa Majengo, wala hajali, ameshaitupia stetasi.