Tupeane uzoefu: mtoto wako alisimama dede na kuanza kutembea akiwa na miezi mingapi?

Mama wa binti mmoja, Tanga

Ndugu wazazi, salaam. Binti yangu amefikisha miezi 14 na bado hatembei. Anatambaa kwa kasi, anajivuta kwenye kiti hadi anasimama, na huzunguka meza akishika ukingo wake. Lakini nikimwachia mikono huketi kitako papo hapo. Mtoto wa jirani, aliyezaliwa wiki moja baada yake, amekuwa akikimbia uani tangu alipokuwa na miezi 11, na watu wanaowaona pamoja hawakosi kuwalinganisha. Hayo ningeyavumilia. Lililonivunja moyo ni neno la shangazi wa mume wangu, ambaye alisema mbele ya wageni kwamba mtoto huyu amebemendwa. Waliokulia huku wanajua uzito wa neno hilo: ni kumwambia mama kwamba yeye na baba wa mtoto, au mmoja wao huko nje, hawakujizuia wakati mtoto akinyonya, na kwamba miguu ya mtoto imelegea kwa sababu yao. Naomba kila mwenye uzoefu anieleze wa kwake alianza lini, alipitia hatua zipi, na ni jambo gani lilimfanya ampeleke kwa wataalamu.

Mama wa watatu, Morogoro

Pole sana, mdogo wangu. Watatu wangu wametoka tumbo moja, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Wa kwanza alisimama dede akiwa na miezi 9 na kutembea kabla ya kutimiza mwaka. Wa pili hakutambaa hata siku moja: alisota kwa makalio, mguu mmoja ameukunja na mwingine akiutumia kama kasia, akavuka sebule nzima hivyo. Mama mkwe aliamini kwamba hatatembea sawasawa. Kliniki nilielezwa kwamba watoto wanaosota mara nyingi huchelewa kidogo kutembea kuliko wanaotambaa, na ndivyo ilivyokuwa, kwani alipiga hatua akiwa na miezi 16. Sasa yuko darasa la tano na hudaka mpira katika timu ya shule. Wa tatu alitembea akiwa na miezi 13, bila kisa chochote.

Muuguzi, Maskati

Wazazi wangu ni watu wa Zanzibar, nami nimehudumia watoto hapa Oman kwa miaka mingi. Dada wa Tanga, Oman ni miongoni mwa nchi tano, pamoja na Ghana, India, Norway na Marekani, ambamo Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema ili kujua wanaketi, kusimama na kutembea lini. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2006. Kuketi bila egemeo kulionekana kati ya miezi 3.8 na 9.2, kusimama peke yake kati ya 6.9 na 16.9, na kutembea bila kushikwa kati ya 8.2 na 17.6. Kwa hiyo binti yako na mtoto wa jirani wote wawili wamo ndani ya mipaka hiyo. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, kama yule wa Morogoro.

Mtoto huutawala mwili wake kuanzia juu kwenda chini: kwanza shingo, kisha mgongo, kisha nyonga, na miguu huja mwisho. Anayezunguka meza kwa kushika ukingo anajifunza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi katika kutembea. Mpeni nafasi ya kuanguka pia. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2012, watoto wa miezi 12 hadi 19 walipiga kwa wastani hatua 2,368 kwa saa moja ya kucheza, na katika saa hiyo hiyo wakaanguka mara 17.

Kuhusu kubemendwa, nasema kwa heshima kwa wazee wetu: tendo la ndoa halilegezi miguu ya mtoto anayenyonya. Mtoto akidhoofika, tuangalie chakula chake, maradhi yake na historia ya kuzaliwa kwake.

Mama, Kericho

Sisi Wakipsigis kutembea tunamfundisha mtoto. Nilipokuwa msichana niliona mama akichimba shimo dogo, akilizungushia blanketi na kumkalisha mdogo wangu ndani ili mgongo uzoee kusimama wima, na baadaye akimshika mikono na kumwendesha tata kila jioni. Watafiti waliokuja kijiji cha Kokwet miaka ya 1970 waliona kwamba watoto wetu waliketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba mazoezi ya kila siku yana nguvu, na kwamba mtoto anayefungwa mgongoni kutwa nzima bila kuwekwa chini ananyimwa kitu.

Mama wa mtoto njiti, Dar es Salaam

Wangu alizaliwa akiwa na wiki 30, na tulimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa majuma mengi. Kwa kuhesabu siku ya kuzaliwa alitembea akiwa na miezi 18, nami nililia sana kabla ya hapo. Daktari alinifundisha kuondoa zile wiki 10 alizowahi. Ukiziondoa, alikuwa na miezi 15 na nusu hivi. Wazazi wa njiti, hesabuni hivyo hadi mtoto afikishe miaka miwili.

Baba, Mwanza

Msinunue vigari vya magurudumu ambavyo mtoto hukalishwa ndani. Wangu alikitumia akaporomoka ngazi tatu za baraza na kushonwa paji la uso. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004, nasi bado tunavipeana kama zawadi.

Mama, Dodoma

Sikutaka kuandika, lakini dada aliuliza lini ampeleke mtoto kwa wataalamu. Mwanangu alipokuwa na miezi 7 alichukua kila kitu kwa mkono wa kushoto. Tulifurahi, tukasema ni mashoto kama babu yake. Mkono wa kulia aliufumba ngumi, na alipoanza kujivuta aliuburuza mguu wa kulia nyuma. Nilieleza mara mbili katika kituo tulichokuwa tukipimia uzito, nikaambiwa nisiwe na haraka. Alipofikisha miezi 15 ndipo tulipompata mtaalamu wa viungo aliyetambua mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Mtoto huwa haonyeshi mkono anaoupendelea kabla ya mwaka mmoja. Akifanya hivyo, upande wa pili uchunguzwe. Wachunguzwe pia aliye mkakamavu kama ubao, aliyelegea kama kitambaa, na yule aliyewahi kujua jambo kisha akalipoteza. Sasa ana miaka minne, anatembea na kiatu maalumu, na anapanda ngazi akishika ukuta. Ile miezi minane naijutia kila siku.

Mama wa binti mmoja, Tanga

Asanteni nyote, na wewe mama wa Dodoma nakushukuru zaidi, maana najua haikuwa rahisi. Jana jioni nilimkalisha mkekani nikampa vifuniko vya chupa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Anachukua kwa mikono yote, na viganja anavifungua. Bado hatembei. Akifikisha miezi 18 bila hatua nitampeleka, na nimeandika tarehe hiyo nyuma ya kadi yake ya kliniki. Shangazi anakuja Jumapili, na mume wangu amesema yeye ndiye atakayezungumza naye. Dada wa Kericho, nieleze tafadhali: mama alipokuwa akimwendesha tata mdogo wako, alianza kumwachia mkono mmoja, au yote miwili kwa pamoja?