Nyumba ya zamani Lamu, nipige simiti ama chokaa?

kijana_mkomani: Asalaam aleikum jamani. Tumerithi nyumba ya mawe huku Mkomani, fundi alipiga simiti mwaka juzi, sasa plasta inabambuka mapande mapande na chumvi nyeupe juu yake, hata zidaka za ndani (vile vishubaka vya ukutani) zimeanza. Nirudie simiti ama?

babu_chokaa: Waaleikum salaam. Mwanangu usithubutu! Ukuta wa matumbawe unapumua, unyevu unapanda kutoka chini, ukikuta simiti hauna pa kutokea unabaki mle mle na chumvi yake unasukuma plasta. Bandua yote, acha ukuta ukauke, hata miezi usiwe na haraka, kisha chokaa na mchanga, lakini si wa ufuoni maana una chumvi. Na boriti za mikoko uzigonge, ikilia tupu mchwa ashaingia.

shela_mtu: Kabla ya kugusa pita makumbusho uulize kibali, mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001 bana.

dada_malindi: Huku kwetu kale kakanisa ka Wareno ni mawe na paa la makuti tu, yule mmisionari Francis Xavier alisimama Malindi 1542 akienda India, nikipeleka wageni wanaona ni kadogo wanataka kuondoka, mpaka waone makaburi hapo nje ndo wananyamaza 😄

kijana_mkomani: Shukran babu. Hiyo simiti inabanduliwa na patasi ama nyundo?

babu_chokaa: Patasi, polepole. Zidaka niachie mimi nije nione kwanza.