Wakuu, naomba ushauri: nichague kliniki ipi ya meno?

Kisiki (mleta uzi): Habari za humu wakuu. Gego la chini linanitesa wiki ya pili, usiku silali. Kuna kliniki mbili. Ya kwanza ipo karibu, viti vipya, wahudumu wachangamfu, wananing'oa siku hiyo hiyo. Ya pili ni mbali, ina foleni, na wanataka eksirei kwanza. Niende ipi? Kesho asubuhi natakiwa nifike.

MamaWawili: Pole sana ndugu yangu. Mimi viti siangalii, naangalia mikono. Nilishamwona daktari kapokea simu na glavu, kaandika kwenye faili, kisha anarudi kinywani mwangu na glavu zile zile. Nilifunga mdomo nikashuka. Waulize vifaa wanavitakasaje. Kupangusa kwa spiriti hakutoshi; mashine ya mvuke inafika nyuzijoto 121 au zaidi, na pakiti ifunguliwe mbele yako.

Gego Kuu: Kwani lazima kung'oa? La ukubwani likitoka ndio basi. Mimi sehemu mbili waliniambia ning'oe, ya tatu wakapiga picha, wakatibu mzizi. Mwaka wa 9 huu nalitafunia mfupa.

Bibi Nuru: Mngepiga mswaki kabla ya kulala tusingefika huku. Wanangu, meno hayataki uvivu.

Zamu ya Usiku: Mleta uzi, una ugonjwa wowote? Dawa gani unatumia?

Kisiki: Niko fiti. Nijibuni tu, kliniki ipi?

Zamu ya Usiku: La dawa hujajibu.

Kisiki: Haya. Natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, niliwekewa vali ya chuma kwenye moyo. Ila vidonge nimeacha tangu juzi ili damu isitoke nyingi. Jirani yangu alifanya hivyo na hakupata shida. Halafu ile ya karibu nimeshalipa nusu. Hawakuniuliza kitu, nikaona siyo muhimu.

Jicho Kavu: Hii ni hadithi ya kutunga. Mwenye vali ya moyo anakuja kutuuliza habari za viti? Tumechezewa.

MamaWawili: Hata kama katunga, anaweza kuwepo msomaji mwenye vali kweli. Tusiufunge uzi.

Kisiki: Sijatunga. Usiku kukiwa kimya mke wangu anaisikia inagonga, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nilificha kwa sababu nikitaja moyo watu wanaogopa kunigusa.

Zamu ya Usiku: Nakuamini. Sasa sikiliza. Damu ya fizi inabanwa kwa pamba, inashonwa, inakata. Ila vali ya chuma bila warfarini, damu inaweza kuganda pale pale, na bonge likipanda kwenye ubongo ni kiharusi. Wapigie wanaokutibu moyo sasa hivi, waambie umekatiza. Usifidie vidonge kwa akili yako. Kabla ya kung'oa upimwe INR, kipimo cha damu yako inachukua muda gani kuganda, na kwa vali yako huwa inatolewa antibayotiki ya kinga kabla.

Kisiki: Na hela yangu?

Gego Kuu: Kaidai ukiwa mzima, mkuu.

Kisiki: Nimewapigia wa moyo, wananisubiri leo hii. Nimepiga na ile ya mbali. Sijamaliza hata kusema ni jino lipi, dada wa mapokezi akaniuliza, "Kaka, unatumia dawa gani?"