Pikapu inachemsha Kitonga, lakini hita haitoi joto Njombe: naomba ushauri

Mpanda Mlima: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kabla ya Jumamosi. Nina pikapu ya dizeli ninayobebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Njombe. Nikianza kupanda mlima wa Kitonga mchana, mshale wa joto unaingia kwenye nyekundu na gari linachemsha, ilhali usiku nikifika Njombe hita inanipulizia upepo wa baridi na kioo cha mbele kinajaa ukungu. Rejeta ni mpya na maji hayavuji popote. Je, kununua injini iliyotumika si ndiyo njia ya busara?

Bibi Mizigo: Mwanangu, kabla ya injini tueleze unapakia magunia mangapi. Pikapu za namna hiyo hubeba takriban tani moja, nasi tunazijua lumbesa za Ruaha, magunia yanayojazwa kupita kiasi. Ukipanda kona zile kwa gia nzito huku gari likitambaa, upepo wa kupoza rejeta unapungua, na hapo hata gari jipya litachemsha. Tamaa ya safari moja ndiyo inayoua magari ya vijana wetu.

Mpanda Mlima: Shikamoo mama. Mzigo ni wa kawaida tu.

Dereva wa Zamani: Nimelikumbuka lori la marehemu baba yangu, ambalo halikuondoka nyumbani bila dumu la maji. Utingo wake aliwahi kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, mvuke ukambabua mkono hadi kwenye kiwiko. Kwa hiyo usiuguse mfuniko mpaka injini ipoe. Kuhusu hita, mimi huvaa koti.

Fundi wa Makambako: Makoti tuyaweke kando. Ukiwa Njombe mshale unasimama wapi, na je, kuna fundi aliyewahi kuigusa thamostati, kile kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta?

Mpanda Mlima: Njombe haufiki hata robo. Thamostati iliondolewa mwaka jana, kwa kuwa fundi alisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Sikuona haja ya kuitaja, maana tangu hapo maji yanazunguka bila kizuizi. Isitoshe, injini nimekwisha kuitolea kishika uchumba, hivyo naomba tujadili injini.

Jicho la Tatu: Wanajukwaa, tunachezewa. Gari lile lile haliwezi kuwa baridi kiasi cha kuishinda hita na kuwa moto kiasi cha kuchemsha. Kila akiulizwa jambo, mwenzetu anarudi kwenye injini. Kesho ataibuka “ndugu yake” mwenye injini ya kuuza. Huyu ni dalali.

Mpanda Mlima: Ningekuwa dalali ningeweka bei.

Fundi wa Makambako: Ya udalali siyajui, lakini dalili hizo hukaa pamoja kabisa. Thamostati nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Isipokuwepo, usiku wa baridi maji hupita kwenye rejeta kubwa muda wote, injini haifikii joto lake, na ile rejeta ndogo ya hita huambulia uvuguvugu. Ama kuhusu mlima, thamostati za injini nyingi za namna hiyo zina kisahani cha chini ambacho, kifaa kikifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing’oa, njia hiyo inabaki wazi, na chini ya mzigo mzito sehemu ya maji inarudi ikiwa bado ya moto. Funga thamostati yenye kisahani hicho, tia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji safi, kisha toa hewa huku hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Kagua pia klachi ya feni, inayoifanya feni izunguke kwa nguvu injini ikipata moto, na mpira wa mfuniko wa rejeta unaozuia shinikizo lisitoke, kwa sababu kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kama Njombe, maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

Mpanda Mlima: Nashukuru, ila muuzaji amesema kishika uchumba hakirudi, kwa hiyo thamostati nitaifunga kwenye injini hiyo nyingine. Na mama, magunia ni kumi na manne, ingawa mawili ni ya jirani.

Bibi Mizigo: Kwani ya jirani hayana uzito?

Fundi wa Makambako: Kabla ya Jumamosi, asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji, liwashe gari na utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokwama. Yakiendelea kutoka mfululizo, huenda ni gesi ya injini inayopenya kwenye maji, hivyo shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, ambayo nayo hubadilishwa bila kununua injini nzima. Yakikoma, mpigie muuzaji simu ukiwa hapo hapo.